Makofi Peke Yake Hayatoshi

Ukipita jioni karibu na vyumba vya tuisheni huku Kisauni, utasikia makofi. Mwalimu anataja neno refu la Kiingereza, watoto wanalipigia makofi silabi kwa silabi: pho-to-syn-the-sis. Makofi matano, yote kwa uzito mmoja. Sina ugomvi nayo, angalau yanawaondoa usingizi. Ila mtoto hutoka hapo na neno vipande vipande, asijue lina maana gani wala aweke mkazo wapi.

Akiachiwa, ataikazia ile "the", kwani ndivyo Kiswahili kilivyomzoesha: silabi ya pili kutoka mwisho. PIga, piGAna, pigaNIsha. Kiingereza kinataka "syn". Tena silabi zake zisizo na mkazo humezwa, vokali hata haisikiki vizuri, na kofi zito linamfundisha kinyume.

Hata hivyo mazoea yetu si hasara tupu. Maneno yanayoishia kwa "-tion" na "-ic" kwa kawaida hubeba mkazo palepale tulipouzoea: eduCAtion, ecoNOmic. Mswahili hayo anayapata bure. Ni yale ya "-ity", "-logy" na "-graphy" yanayorudi hatua moja nyuma: aBIlity, biOlogy, phoTOgraphy.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Mtoto huyohuyo, kwenye somo la Kiswahili, anakuchambulia "hawatatupikia" bila kusita: ha ya ukanushi, wa ya nafsi, ta ya wakati ujao, tu ya mtendewa, mzizi pik, kisha i ya kutendea na a ya mwisho. Kengele ikilia, kikaingia Kiingereza, ujuzi wote huo unafungiwa begini. Hakuna anayemwambia kwamba "photo" ni mwanga, "syn" ni pamoja na "thesis" ni kuweka, vyote vya Kigiriki, na kwamba mmea unatumia mwanga kuunganisha chakula chake. Au kwamba "unacceptable" ina mzizi katikati na viambishi huku na huku, sawa na kitenzi chetu.

Mimi ningeanza na viambishi na mzizi, silabi zifuate. Kofi ningeliacha moja tu, la silabi yenye mkazo; nyingine waziguse kwa kidole mezani. Wakorofi nao watajwe kwa majina. Wa kwanza ni "Arabic", neno ambalo Mombasa hatuwezi kulikwepa: lina "-ic", lakini mkazo wake uko mwanzoni.