Mto Loire Haujafugwa? Nani Kasema?

Juzi usiku nilikuwa sebuleni na ami, kipindi cha utalii kinaonyesha mto Loire, Ufaransa. Kasri, bustani, kasri, mvinyo, kasri. Ami kala chumvi, tena ya baharini kweli, majahazi ya Tanga na Pemba. Alivumilia nusu saa, kisha akauliza, "Mwanangu, mto wote huo hauna chombo hata kimoja?" Mtangazaji akadakia kama kamsikia: huu ndio mto wa mwisho Ulaya ambao haujafugwa.

Haujafugwa! Nusura nimwage chai.

Mto huo, zaidi ya kilomita 1,000, ulikuwa barabara. Kusi yao ni upepo wa magharibi: unatoka Atlantiki, unapanda na mto toka Nantes hadi Orléans, kwa hiyo tanga linakupeleka huku mkondo unakurudisha. Matishali yalifungwa kamba moja nyuma ya jingine. La mbele na tanga kubwa la mraba, ya nyuma matanga yakizidi kupungua, yasinyimane upepo. Kwenye daraja mlingoti unalazwa, mnapita, unasimamishwa tena. Na kwa kuwa mafungu ya mchanga ya Loire huhama kila mafuriko, kuna waliotangulia kupima kina na kuchomeka vijiti vya mierebi mchangani, wenzao waione njia. Hapo ami akazima sauti ya televisheni.

Mwaka 1642 Mfereji wa Briare ukaunganisha Loire na mto Seine, mizigo ikafika Paris. Zikaja meli za mvuke. Kampuni moja ikaziita zake "Zisizolipuka", nawe jiulize za wenzao zilikuwa zikifanya nini. Kisha reli: Orléans 1843, Nantes 1851. Kwisha.

Sawa, kiangazi maji yalikauka, tishali likakaa mchangani wiki nzima, na treni haingoji upepo. Nakubali. Lakini mto uliotumikishwa hivyo kisha ukatelekezwa, leo ndio haujafugwa? Wenye matuta ya karne na karne kingoni, na vituo vinne vya nyuklia vinavyokunywa maji yake?

Kufika Nantes, bandari iliyotuma meli nyingi za watumwa kuliko nyingine yoyote Ufaransa, tukaonyeshwa biskuti. Ukumbusho wa utumwa upo pale pale gatini tangu 2012.

Ami wala hayo hayakumshughulisha. Alitaka kujua mlingoti mzito vile unalazwaje. Nikamwambia kuna duara, winchi ya kuvutia kamba, nyuma kabisa ya chombo.

"Nyuma?" akashangaa. "Sasa mshika usukani anasimama wapi?"