Ugonjwa wa akili na kosa la mauaji: Uingereza impe jina gani muuaji mgonjwa?

Juni 2023, Valdo Calocane aliwachoma kisu na kuwaua watu watatu mjini Nottingham. Januari iliyofuata, waendesha mashtaka walikubali akiri kosa lililo chini ya mauaji (manslaughter), kwa kuwa madaktari waliona skizofrenia ilikuwa imemvuruga akili. Jaji akaamuru azuiliwe katika hospitali yenye ulinzi mkali. Familia za marehemu zilisema haki haikutendeka, na uchungu wao hautokani na kutoijua sheria.

Utetezi huo, kwamba maradhi ya akili yamepunguza uwajibikaji wa mshtakiwa, uliingizwa katika sheria ya Uingereza mwaka 1957, enzi ambayo muuaji aliweza kunyongwa, na masharti yake yakaandikwa upya mwaka 2009. Haumfutii mshtakiwa hatia. Humwondoa kwenye kosa la mauaji, ambalo kifungo cha maisha ni lazima, na kumpeleka kwenye kosa ambalo jaji ana uhuru wa kupima adhabu. Mshtakiwa mwenyewe ndiye hubeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ana maradhi yanayotambulika kitabibu, kwamba yalipunguza kwa kiasi kikubwa uwezo wake wa kuelewa anachofanya, kuamua kwa busara au kujizuia, na kwamba ndiyo yanayoeleza kwa nini aliua. Hayo si masharti mepesi.

Wakosoaji wana hoja nzito: pande mbili zikiafikiana, ushahidi wa madaktari haujadiliwi mbele ya jopo la raia 12. Mwaka 1981 jaji alikataa makubaliano ya aina hiyo katika kesi ya Peter Sutcliffe, aliyewaua wanawake 13, na jopo likamtia hatiani kwa mauaji. Lakini mwaka 1984 alihamishiwa hospitali ya Broadmoor kutokana na ugonjwa wa akili, kwa hiyo siamini kwamba raia hupima maradhi vizuri kuliko madaktari.

Calocane alistahili hospitali. Mei 2024 Mahakama ya Rufani nayo ilikataa kuongeza adhabu yake. Kinachoumiza ni jina la kosa, kwani aliyekusudia kuua huwekwa fungu moja na aliyempiga mtu ngumi moja, akaanguka na kufa. Mwaka 2006 Tume ya Sheria, chombo kinachoishauri serikali kuhusu marekebisho ya sheria, ilipendekeza mauaji yagawanywe katika madaraja mawili, na muuaji mwenye maradhi haya ahukumiwe kwa daraja la pili, lisilo na adhabu ya lazima. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Desemba 2024 serikali iliitaka tume hiyo ipitie tena sheria ya mauaji, na naona ianzie hapo. Watakaopinga watasema kwamba kumwita mgonjwa muuaji ni kumtwika lawama asiyoistahili. Ni pingamizi la haki, ila daraja la pili lingekusudiwa kuonyesha upungufu huo wa lawama, na jaji bado angeweza kumpeleka hospitali badala ya gerezani.