Taa za Mkwe

Kabla hujanihukumu kwamba ndimi niliyemzimia mkwe wangu taa usiku wa Maulidi, nyumba imejaa wageni na masinia ya pilau ndiyo kwanza yanatua mkekani, nisikilize. Habari hii imeshafika Faza na Kizingitini, na kila ikivuka maji inatiwa chumvi. Juzi nahodha mmoja pale Mokowe aliniuliza kama ni kweli nilikata waya kwa panga. Hapakuwa na panga. Palikuwa na punda.

Sisi twakaa shambani, nje ya Matondoni, na nguzo za stima zimeishia mbali nasi. Mkwe wangu yuko mjini Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, si mbali na msikiti wa Riyadha. Yeye stima anayo, ila ni stima yenye tabia ya kuondoka bila kuaga. Basi alipokuja wakala wa kampuni moja ndogo ya sola (jina lao nalihifadhi, deni langu nao halijesha), wote wawili tulimsikiliza. Kianzio shilingi 3,000, kisha shilingi 60 kwa siku, siku 400, halafu mali ni yako. Paneli moja, taa nne, redio, mahali pa kuchaji simu, na kisanduku cha betri. Ndani ya kisanduku, akasema, mna laini ya simu. Ukilipa kwa M-Pesa, kompyuta yao huko iliko inakipigia kisanduku na kukiambia kiwake. Usipolipa inakiambia kilale. Hesabu nzima shilingi 27,000. Mke wangu akawatazama mbuzi wetu, nao wakamtazama, akasema haya.

Kwa mkwe, mlipaji alijitokeza mwenyewe. Mwanyumba wangu, aliyemuoa dada ya mke wangu, yuko Mombasa, anafanya kazi bandarini na ana sauti ya bandarini. Akapiga simu: "Mama, hilo la taa niachie mimi. Usitie shaka." Mkwe akatia dua ndefu, na mimi nikaitika amini kama wenzangu.

Mzigo ulipofika gatini tuliupakia kwenye punda wangu, boksi moja shogi ya kulia, jingine shogi ya kushoto. Wakala akatupa kadi, kila mtu na namba yake ya kulipia, iliyoandikwa kwa kalamu: yangu yaishia 617, ya mkwe 671. Tulipofika Langoni alinyosha mkono achukue boksi la kushoto. Mimi, kwa kuwa ndiye mwenye punda na punda ana haki zake, nikamwambia: "Toa la kulia, bwana, mzigo umemlemea upande huo."

Akatoa la kulia. Hayo yalikuwa mwanzo wa Mfungo Tano.

Siku saba za mwanzo zilikuwa za bure na taa ziliwaka vizuri, watoto wakasoma chuo usiku hadi wakachoka kuona aya. Siku ya nane nikalipa 420, za wiki nzima. Ujumbe ukaja: tumepokea, asante. Jioni nikabonyeza. Kisanduku kikatoa kijitaa chekundu, kikapepesa mara tatu, kikalala.

Mtandao kwetu hauingii ndani. Ukitaka kupiga simu ya maana lazima uende ufuoni, upande juu ya dau bovu lililofudikizwa pale mafundi wanapotia majahazi kalafati, na usimame ukielekea Manda. Na simu yangu spika yake ya sikioni imekufa, haisemi ila kwa sauti ya nje. Kwa hiyo mazungumzo yangu yote na kampuni yalisikilizwa na mafundi watano, bila tiketi.

"Mteja wetu, nimeiangalia akaunti yako. Iko sawa kabisa. Taa zako zinawaka."

"Haziwaki."

"Zinawaka, bwana. Hapa kwenye kompyuta zinawaka."

"Na hapa Matondoni je?"

Akaniambia nibonyeze kitufe sekunde kumi. Kesho yake akaniambia nifute paneli vumbi. Kesho kutwa, kijana mwingine akaniambia nigeuze paneli ielekee jua, kana kwamba nilikuwa nimeielekeza kibla. Wiki iliyofuata nikaambiwa: "Lipa ya wiki hii, itafunguka pamoja na ile." Nikalipa. Haikufunguka ile wala hii. Na kuacha kulipa sikuthubutu, maana kwenye mkataba iliandikwa kwamba ukichelewa wanakuja kung'oa paneli, na mimi paneli nilikuwa nimeshawaringia majirani.

Siku moja binti wa huduma akataka kunisaidia kwa moyo safi. Akasema, "Bwana, betri yako inaisha upesi kwa sababu ya matumizi. Naona jana redio imelia mpaka saa sita usiku."

Mafundi wakaacha nyundo. Redio yangu ilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Mzee mmoja akaniuliza polepole kama nyumba nimeisomea. Jioni ile nikamwita mwalimu wa chuo, tukafukiza ubani pembe zote nne, mbuzi wakapiga chafya, na kisanduku kikapepesa chekundu mara tatu.

Tukarudi kwenye koroboi. Kila Ijumaa nilipokuja mjini kusali nilipitia kwa mkwe kuchaji simu, maana kwangu ndiyo hivyo. Nyumba yake ilikuwa inameremeta. Stima ya mtaa ikiondoka, watoto wa jirani wanakuja kwake na madaftari. Redio inanguruma tangu alasiri, na yeye husinzia nayo ikisema peke yake mpaka usiku wa manane. Mimi nakaa kitako chini ya taa ile, nachaji simu ile ile niliyolipia asubuhi, nasikiliza sifa.

"Ndoo ukae, mwanangu. Waona taa? Mwenzio yuko Mombasa na taa zangu zawaka hapa. Hata siku moja hazijalala." Kisha huniangalia simu yangu ilivyochomekwa ukutani. "Na wewe u hapa Matondoni. Haya, chaji."

"Ahsante, mama."

Nilikuwa nikimshukuru. Wiki ya tano nilimpelekea na maembe.

Akipiga mwanyumba, simu inawekwa sauti ya nje ili sote tufaidike. "Mwanangu, taa zawaka, Mngu akuzidishie." Naye kule hujibu, "Alhamdulillah, mama." Nimelirudia sana neno hilo kichwani baadaye. Hakusema "nimelipa." Hakusema uongo hata mmoja. Alisema alhamdulillah tu, na nani atamkataza mtu kusema alhamdulillah?

Wiki ya saba, fundi mmoja pale kwenye majahazi, aliyewahi kufanya kazi ya ukarani, alichoka kunisikiliza kuliko nilivyochoka mimi kusema. Akaninyang'anya simu. "Kijana," akasema, "mwaka 2019 ilipita Sheria ya Nishati, na kuna mamlaka inaitwa EPRA inayopokea malalamiko ya watumiaji. Nimekaa juu ya dau na kalamu mkononi. Niandike, au utatazama tena?" Kalamu hakuwa nayo, alikuwa na patasi. Lakini simuni hapaonekani patasi. Tukaambiwa tusubiri, muziki ukapigwa, salio langu likaliwa shilingi kumi na moja, kisha sauti mpya, nzito ya mtu mkubwa kidogo, ikasema:

"Bwana, nisomee namba iliyobandikwa nyuma ya kisanduku."

Wiki saba. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamtuma mwanangu mbio, akarudi na kisanduku kwapani. Nikasoma. Mwisho wake 671.

Kimya.

"Bwana, hicho kisanduku si chako."

"Ni cha nani?"

"Hiyo ni siri ya mteja, siwezi kukwambia."

Hakuwa na haja. Nilimwona punda, nikaiona shogi ya kulia, nikajisikia kwa sauti yangu mwenyewe nikisema "mzigo umemlemea." Namba 617 ilikuwa ya boksi la kulia. Pesa zangu zote, siku 49, shilingi 2,940, zimekwenda kukiambia kisanduku cha Langoni kiwake. Na hiki changu kilikuwa kikingoja pesa za mwanyumba.

Mafundi nao walikuwa wamesikia. Walicheka mpaka mmoja akaangusha kalafati yote mchangani. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu nyingine. Mtu hawezi kwenda kwa mkwe wake akamwambia, "Mama, zile taa ni mimi." Kwetu ukishampa mkwe kitu, umempa. Hukumbushi, sembuse kudai. Nikamwambia yule bwana kwenye simu: basi, msibadilishe kitu sasa. Wiki hii ni Maulidi. Pale nyumbani kutakuwa na wageni kutoka Mombasa, Malindi, mpaka Pemba. Ngojeni Maulidi ipite, nitazungumza na wenyewe taratibu.

"Ombi lako limeandikwa," akasema. "Marekebisho huchukua siku tatu za kazi."

Nikatua moyo. Watu walioshindwa kuwasha taa nne kwa siku 49, hizo siku tatu zao si wiki tatu?

Usiku wenyewe mtaa ulikuwa umefurika. Matari yanasikika toka Riyadha, vichochoro havipitiki kwa kanzu, harufu ya udi na pilau imekamata kila mahali. Wanaume tumekaa dakani, wanawake ndani nyuma ya pazia. Mwanyumba alishuka siku hiyo kwa basi na boti, kanzu mpya, kofia ya vito ya kazi nzito, amekalishwa kwenye mto. Mimi nilikalishwa karibu na viatu. Tulipotoka kusali isha, stima ikaondoka bila kuaga. Mtaa mzima kiza. Mkwe, nyuma ya pazia, kwa sauti ya mwenye nyumba: "Washani za mwanangu!"

Zikawaka. Wageni wakasema mashaallah. Mwanyumba akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, alhamdulillah, alhamdulillah. Nami, wallahi, nilivuta pumzi ya raha.

Masinia yakaletwa. Mikono ikanawishwa. Na hapo, tonge la kwanza likiwa njiani, taa zote nne zikalala pamoja.

Simu ya mkwe ikalia huko ndani. Msomaji wa nyumba ni mjukuu wake wa darasa la nne, mwenye sifa ya kusoma kwa sauti hata mabango ya dawa. Akasoma: "Ndugu mteja, malipo ya siku 49 yaliyotumika kimakosa kwenye kifaa hiki yamerudishwa kwa mteja aliyelalamika. Lipa shilingi 2,940 ili ufunguliwe." Akanyamaza, kisha akauliza kama mtoto aulizavyo: "Bibi, mteja aliyelalamika ni nani?"

Kabla mtu hajajibu, simu yangu ikalia mfukoni. Nilipapasa niizime. Nikabonyeza palipo sipo, na kwa ile spika yake ya msiba ikatoka sauti ya mwanangu, niliyemwacha nyumbani na mbuzi:

"Baba! Baba! Taa zimewaka! Zote nne! Naiwasha na redio!"

Kiza cha watu thelathini wanaofikiri kwa pamoja ni kizito sana.

"Mwanangu," akasema mkwe nyuma ya pazia, taratibu, "ndiwe uliyelalamika?"

"Ndimi, mama."

"Walalamika nini?"

Ikabidi niseme. Nilianzia kwa punda. Nilisema kwa heshima kadiri nilivyoweza, bila kutaja shilingi, lakini mtoto alishazitaja. Nilipomaliza, mzee mmoja wa Siyu, mgeni kabisa, asiyejua nani ni nani humo ndani, akauliza kwa nia njema: "Sasa yule wa Mombasa anayesifiwa, yeye alilipa nini?"

Hakuna aliyesema alhamdulillah.

Mwanyumba akajikohoza. "Nilikuwa nataka kulipa yote kwa mpigo," akasema. "Na nalipa sasa hivi." Akasimama, akawasha tochi ya simu, akapita na kanzu yake mpya kati ya masinia mpaka kwenye kisanduku. Kadi ya mkwe nani angeipata kwenye kiza kile? Akakigeuza kisanduku, akamulika nyuma, akaanza kusoma namba iliyobandikwa, moja moja, kwa sauti ya bandarini ili kila mtu asikie analipa. Mwisho wake sita, moja, saba.

Nilifungua kinywa. Nikakumbuka Ijumaa saba. Nikakumbuka maembe. Nikakifunga.

"Tayari," akasema. "Shilingi 2,940. Mama, hesabu mpaka kumi."

Nyumba nzima ikahesabu, na watoto wakafika ishirini. Kisanduku kikapepesa chekundu mara tatu. Simu iliyolia ilikuwa yangu. Nikaitoa, na kwa muda uso wangu ukawa ndiyo taa pekee iliyowaka kwa mkwe.

"Ni nani tena?" akauliza.

"Ni kampuni, mama," nikasema. "Wasema ahsante."