Sikudhani na Sikuzani: jina la mtu wa Kusini mbele ya kalamu ya karani

Mama yangu mdogo anaitwa Sikudhani. Alizaliwa Newala, kusini mwa Tanzania, baada ya bibi kuzika watoto wawili mfululizo na kukata tamaa ya kuzaa tena, kwa hiyo mtoto alipolia, jina lilikuwa tayari. Kwenye kitambulisho cha taifa limeandikwa hivyo hivyo. Kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika anakopeleka korosho zake limeandikwa Sikuzani. Zimetoka herufi mbili, imeingia moja. Msimu mmoja korosho zake zilipimwa, zikaenda ghala kuu, zikauzwa mnadani, na fedha zikatumwa benki pamoja na za majirani zake. Za majirani ziliingia. Zake zilirudi, kwa kuwa jina la kwenye orodha halikulingana na la kwenye akaunti.

Naanza na mama mdogo kwa sababu malalamiko ya majina kukosewa huchukuliwa kama ya watu wanaopenda kutukuzwa. Mwenye jina akisahihisha, anaambiwa anakuza mambo, si ameeleweka? Kwa mfanyakazi wa ofisini aliyeandikiwa vibaya kwenye kadi ya harusi, pengine inatosha kusema hivyo. Kwa mkulima wa Tandahimba au Ruangwa haitoshi. Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza mazao kwa kupitia ghala na mnada, iliingia kwenye korosho mwaka 2007, na tangu malipo yahamie benki, hakuna anayemtazama mkulima usoni wakati wa kumlipa. Kinachotazamwa ni herufi.

Mama mdogo aliambiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji. Alipoileta, akaambiwa bado kinatakiwa kiapo mbele ya wakili, kueleza kwamba Sikudhani na Sikuzani ni mtu mmoja. Ikawa nauli ya kwenda mjini na kurudi, ada ya wakili, picha ndogo, kisha nauli tena kwa sababu siku ya kwanza mhusika hakuwepo. Fedha zilimfikia shule zikiwa zimeshafunguliwa. Katikati ya kusubiri aliuza gunia lililobaki kwa kangomba, wale wanunuzi wa vichochoroni walio nje ya mfumo rasmi, kwa bei ambayo mpaka leo hapendi kuitaja, ili mtoto apate sare na madaftari. Hiyo ndiyo gharama ya herufi ya tano katika jina la mtu.

Nilikwenda kuzungumza na karani, na sikwenda kugombana. Ni kijana wa kijiji cha mama mdogo, mwenye kidato cha nne. Oktoba mizani inapofunguliwa, watu wanapanga foleni kabla jua halijatoka, akina mama wameketi juu ya magunia yao, na yeye anapima, anaandika uzito, anaandika jina, anakata risiti. Aliniambia: "Nikimuuliza bibi jina lake linaandikwaje, ananijibu, mjukuu wangu, si wewe ndiye uliyesoma?" Sikuwa na la kumjibu. Ana akina Fatuma wengi kwenye daftari lake: mmoja kadi yake inasema Fatma, mwingine Fatima, na wote wakiitwa wanaitika kwa Fatuma. Ana Saidi na Said, Hamisi na Khamis, Selemani na Suleiman. Mtu mmoja anaweza kuwa Mohamedi kwenye cheti cha shule na Muhammad kwenye kadi ya kliniki ya mwanawe, na hajawahi kuona tatizo.

Jambo lililonisumbua zaidi ni kwamba karani hakukosea kusikia. Mama mdogo mwenyewe hutamka z. Watu wengi wa uwanda wa Makonde hawana dh katika ulimi wao. Nadhani ni nazani, dhahabu ni zahabu, na wanaelewana bila shida. Kijana aliandika alichoambiwa, kwa uaminifu. Aliyekwenda kinyume na sauti ni yule aliyeandika kitambulisho, ambaye alilisawazisha jina lifuate Kiswahili sanifu. Sasa lipi limekosewa? Nilimuuliza mwenye jina. Akasema, "Mama hakudhani, ndiyo maana mimi nipo." Kwake jina ni neno lenye maana, na neno hilo lina mahali linakotoka. Jibu hilo naliheshimu kuliko kanuni yoyote ya tahajia, lakini lisingeweza kumfikia karani kwenye foleni ya Oktoba.

Wapo wanaosema dawa ni usanifu: kila jina liandikwe kama kamusi ingeliandika, ugomvi uishe. Wanaosema hivyo wana hoja, na kwa Sikudhani ingemfaa. Lakini majina mengi ya huku hayatoki kwenye kamusi ya Kiswahili. Katika Kimakonde, mahali ambapo Kiswahili kina m ya mwanzo, mara nyingi kuna n: mkono ni nkono, na mwanamke ni nkongwe. Kwa hiyo yapo majina yanayoanza na n mbili, au n iliyobebana na konsonanti nyingine, na karani aliyetoka mkoa wa mbali, au hata wa hapa aliyefundishwa kwamba Kiswahili hakianzi hivyo, anaisahihisha n kuwa m. Anadhani amemsaidia mtu. Kumbe amemhamisha ukoo. Jina la Nnauye, ambalo nchi nzima imelijua kupitia mwanasiasa Moses Nnauye na mwanawe Nape, aliyewahi kuwa waziri, limebaki na n zake mbili magazetini na bungeni. Nchi ikiweza kujifunza kuliandika jina la waziri, haishindwi kuliandika la mkulima.

Halafu kuna ng'. Mtu wa Ng'apa, pale Lindi, anajua tofauti ya ng' na ng tangu hajaanza shule, maana ni sauti mbili tofauti kabisa. Mifumo ya kompyuta haijui. Upo unaoikubali ile alama, upo unaoikataa na kudai jina lina herufi zisizoruhusiwa, na upo unaoila kimyakimya. Kwa hiyo mtu anaweza kuandikwa kwa usahihi mkubwa na karani makini, kisha mashine ikamfanya watu wawili. Hapo hakuna ulimi wa kulaumu, wala bibi asiyejua kusoma. Aliyeutengeneza mfumo hakufikiria kwamba alama ile ndogo ni sehemu ya jina.

Ng'ambo ya Ruvuma mambo yanazidi, kwa kuwa hata mto wenyewe unaandikwa Rovuma upande wa Msumbiji. Huko sauti zile zile huandikwa kwa mkono wa Kireno, na mji ambao sisi kwa masikio yetu tungeuandika Mweda unaandikwa Mueda. Familia za Kimakonde ziko pande zote mbili. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuitwa kwa sauti moja na wasifanane hata kidogo kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye hoja inayonibana kuliko zote, na ambayo sisi watu wa Kusini tunaikwepa tunapolalamika. Sisi wenyewe hatukuwa watu wa jina moja lisilobadilika. Kijana akitoka jandoni hupewa jina jipya, na kumwita kwa jina la utoto mbele za watu ni kumvunjia heshima. Akiingia madrasa au akibatizwa, anapata jingine. Wamisionari wa Masasi waliofika mwaka 1876, na Wabenediktini wa Ndanda baada yao, waliacha majina ya watakatifu ambayo wazee waliyakunja yakakaa vizuri kinywani. Mwanamke akizaa, jina lake la siku zote linageuka kuwa Mama Fulani, na lile la kwanza linabaki kwa dada zake. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: watu waliobadili majina hivi, leo wanalia kwa herufi moja?

Nimelifikiria swali hilo muda mrefu, na naona jibu liko ndani ya jando lenyewe. Pale jina linapobadilika, mwenyewe yupo. Wajomba wapo, ngoma inalia, kijiji kizima kinajua kwamba yule wa jana ndiye huyu wa leo. Hakuna atakayemwambia baadaye alete kiapo. Jina la daftarini limebadilishwa na mtu mmoja, mwenyewe hajui, na siku ya kujua ni siku ya kunyimwa haki yake. Kwa hiyo lawama yangu haiangukii kubadilika kwa jina. Inaangukia hapo ambapo mwenye jina ndiye mtu wa mwisho kupata habari, halafu ndiye wa kwanza kutoa nauli.

Fomu nayo ina yake. Inataka jina lako, la baba, la babu. Wamakonde, Wamwera na Wayao kwa asili hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana neno kubwa kwa mtoto. Nimewaona wazee wanaotumia jina la mjomba kama la pili, kwa kuwa ndiye aliyewalea na ndiye aliyewapeleka shule. Siku hizi mtoto wa mzee kama huyo akijaza fomu za mkopo wa chuo, anakuta jina la babu yake kwenye karatasi moja ni jina la mtu ambaye karatasi nyingine haimjui. Anaonekana kana kwamba familia yake imedanganya, ilhali imesema kweli mara mbili.

Upande wa pili wa mizani haujaisha uzito, na lazima niuseme. Ukali wa majina haukuzuka kwa chuki. Orodha za pembejeo na malipo huvutia majina ya watu wasiokuwepo, na anayeumia ni mkulima halali. Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa kwanza, kwa hofu kwamba kangomba wangelipwa kwa mashamba ambayo hawakuyapalilia. Anayetaka benki ifumbe macho kwa Sikuzani leo, ajiulize angesema nini kama fedha za mama yake zingechukuliwa kesho na mwenye jina linalokaribiana. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na tarakimu hazina lafudhi. Napenda malipo yaifuate namba kabla ya jina. Lakini hata namba inanakiliwa kwa mkono gizani, na ikikosewa, hakuna jirani atakayeitambua kama anavyotambua jina.

Na kuandika vibaya bado kuna heri kuliko kutoandika. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, hapa Lindi. Mamia ya watu wa Kusini walichimba, na mizigo yenye uzito wa zaidi ya tani 200 ikapelekwa Berlin kupitia bandari ya Lindi, baada ya wapagazi kuibeba kwa miguu hadi pwani. Miongoni mwao jina la msimamizi, Boheti bin Amrani, liliandikwa, na mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mmoja jina la Australodocus bohetii kwa kumbukumbu yake. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje. Majina hayo yametufikia kupitia kalamu za wageni, yakavishwa mikia ya Kilatini, na sijui mtu wa nyumbani kwao ambaye angeyaitikia yalivyo sasa. Hata hivyo nayashukuru. Wapagazi walio wengi hawana hata herufi iliyokosewa ya kukumbukwa nayo.

Nikiyapima yote, ulimi nausamehe. Mwalimu aliyetoka Kagera akiliita jina la mtoto wa Nanyamba kwa lafudhi yake, mtoto atazoea, na mwalimu naye atajifunza akisahihishwa bila kuchekwa. Vibaya ni darasa kucheka na mwalimu kuliacha jina hivyo hivyo kwa sababu kicheko kimenoga. Kalamu ndiyo siisamehi kirahisi hivyo, maana ulimi hukosea mbele yako na kalamu hukosea umeshaondoka. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto mchanga siku hizi hutolewa kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya, kwa kuandikwa kwa mkono, na taarifa hutumwa kwa simu. Dakika ile mama yupo pale pale. Kumsomea alichoandikiwa, kwa sauti, herufi kwa herufi, na kumwonyesha mtu wa karibu anayejua kusoma, hakuhitaji sheria mpya wala bajeti. Na kosa likigunduliwa baadaye, daftari la aliyeandika na kadi ya aliyeandikwa zikiwekwa pamoja mezani, aliyeandika ndiye asahihishe, aweke saini, apige mhuri. Kumpeleka mkulima kwa wakili ili aape kwamba yeye ni yeye, kwa kosa la kalamu ya mtu mwingine, ni kumtoza faini asiyekosa. Hapo simwoni mwenye hoja upande wa pili.

Karani nilimweleza hivyo hivyo. Alisema akiruhusiwa angefanya, lakini daftari likishapelekwa juu hana mamlaka ya kuligusa. Namwamini.

Mama mdogo hajui kusoma. Msimu uliopita alinitaka nimwandikie jina lake kwa herufi kubwa kwenye kipande cha boksi, akakaa nalo jioni nzima kibarazani. Siku ya mizani alikifunga kwenye pindo la khanga. Zamu yake ilipofika alimwomba karani ageuze daftari, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akahesabu taratibu mpaka ya tano, akatazama kama ina tumbo. Watu wa nyuma walinung'unika. Ilikuwa haina. Akamwambia kijana, "Mjukuu wangu, hapa weka ile yenye tumbo, na inayofuata ni ile kama ngazi. Nasubiri."