Ukitaka besi, iondoe kwenye spika ndogo

Nganda (baa) nyingi za Kamalondo na Katuba, mitaa ya Lubumbashi, zina muziki wa namna moja: spika mbili za inchi sita ukutani, sabufa (spika kubwa ya besi) pembeni, na kitufe cha besi kimezungushwa hadi mwisho. Sebene, ile sehemu ya rumba ambapo magitaa yanachachamaa, ikianza, noti za gitaa la besi hazisikiki. Unasikia mngurumo tu, na mwimbaji anatetemeka kama mtu anayeimba juu ya pikipiki. Mwenye nganda analaumu sabufa, kesho yake yuko soko la mtaa wa Kenya, hukohuko Lubumbashi, kutafuta kubwa zaidi. Hela ya bure hiyo.

Tatizo liko kwa zile ndogo, kwa sababu nazo zimepewa besi. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa noti ya Hz 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Kila masafa (idadi ya mitetemo hiyo) yakishuka kwa nusu, koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, inabidi icheze mara nne zaidi ili sauti ibaki na ukubwa uleule. Koni ya inchi sita itapata wapi nafasi hiyo? Inahangaika na noti isiyoiweza, na koni hiyohiyo ndiyo imebeba sauti ya mwimbaji. Ampli, mashine inayokuza sauti, nayo inaishiwa nguvu mapema, hasa umeme wa jioni ukishuka.

Dawa yake ni filta ya njiani, kati ya mixer na ampli ya spika ndogo: kapasita moja (kidude kinachozuia besi na kupitisha sauti za juu) kwa kila upande, imekatiza waya wa katikati wa RCA, kebo inayoleta muziki kwenye ampli. Ampli ambayo ukinzani wa mlango wake (pale muziki unapoingilia) ni kiloohm 20 inataka kapasita ya mikrofaradi 0.1, nayo itaanza kukata karibu na Hz 80. Ni kile kidude chenye maandishi 104, kidogo kuliko ukucha. Mafundi wa redio wanacho tele kwenye makopo yao ya vipuri. Ampli ikiwa ya kiloohm 10, unganisha viwili sambamba. Kwenye Hz 40, nguvu inayofika kwenye koni inabaki moja ya tano tu.

Wapo mafundi wanaoweka kapasita baada ya ampli, kwenye waya wa spika. Siipendi njia hiyo. Spika ya ohm 4 itadai karibu mikrofaradi 500 zisizo na chanya wala hasi, kitu kinene na cha bei. Halafu ohm za spika hazitulii, zinapanda na kushuka kufuata masafa, kwa hiyo hesabu inaharibika palepale unapotaka kukata. Mlango wa ampli hauna vituko hivyo.

Sabufa yenyewe iwekwe ikate juu ya Hz 80, kisha ugeuze waya zake, chanya na hasi, huku mwenzako amekaa kwenye kiti cha mteja akisikiliza. Bakia na upande anaosema umejaa. Wengi wanairuka hatua hii, na inauma, maana haigharimu hata faranga.

Kanisani ningeiweka filta hata kama sabufa haipo. Chini ya Hz 80 mahubiri karibu hayana kitu, isipokuwa pumzi ya mchungaji kwenye maikrofoni na kishindo cha mimbari anapoipiga ngumi.