Laktati, vimeng'enya na swali la kipaji cha mbio ndefu

Mwaka 1995 mwanafiziolojia wa Uswidi, Bengt Saltin, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia, na wengi wakaamini kwamba kipaji cha mbio ndefu kinaweza kusomwa maabarani. Imani hiyo ina msingi. Kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni hakikuwatofautisha sana wanariadha hao, lakini laktati na amonia, kemikali zinazozalishwa msuli unapofanya kazi kwa nguvu, zilijilimbikiza kwa uchache zaidi katika damu ya Wakenya, na katika vipande vidogo vya msuli vilivyotolewa mguuni, kimeng'enya cha HAD, kinachosaidia kuvunja mafuta yawe nishati, kilikuwa na nguvu zaidi kwa takriban asilimia 20. Msuli unaotumia mafuta vizuri hutunza glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa mwilini, ambayo ndiyo humwishia mkimbiaji wa maratoni katika kilomita za mwisho.

Hata hivyo, hoja ya wanaotilia shaka naiona kuwa nzito zaidi. Vimeng'enya hivi huongezeka kwa mazoezi na kupungua wiki chache tu baada ya mtu kuyaacha, kwa hiyo kinachoonekana kuwa chanzo cha ushindi huenda ni alama ya miaka ya kukimbia Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi. Laktati nayo, ambayo zamani ilihesabiwa kuwa taka, leo inajulikana kuwa nishati ya moyo na misuli. Kiasi chake katika damu ni kile kilichobaki baada ya mwili kuzalisha na kutumia, na hata mlo wa jana hukibadilisha.

Kuna damu iliyobeba urithi wa kweli. Eero Mäntyranta wa Ufini, aliyeshinda dhahabu mbili za mbio za kuteleza kwenye theluji huko Innsbruck mwaka 1964, alizaliwa na badiliko la jeni lililoipandisha himoglobini yake, protini ya damu inayobeba oksijeni, kupita gramu 200 kwa lita. Lakini si kila ndugu aliyerithi badiliko hilo alifika Olimpiki.

Kocha anayepima tone la damu kati ya mizunguko, na kupunguza kasi laktati inapovuka milimoli 4 kwa lita, namuunga mkono kabisa, kwa sababu anapima kazi ya siku hiyo. Anayemwondoa kambini mtoto wa miaka 13 kwa kipimo hichohicho anamhukumu kwa mazoezi ambayo bado hajapewa.