Maji ya Ruvu si petroli

Kila kundi la WhatsApp nililomo limeletewa ile video: jamaa anamimina maji ya chupa kwenye tangi la pikipiki, anapiga kiki, chombo kinaunguruma, watu wanashangilia. Mwisho sauti inasema petroli kwaheri, maji ni bure. Ningeipuuza. Lakini kijana mmoja wa bajaji hapa kwetu Kimara alinifuata kuniuliza kama akope vikoba ili fundi amfungie kifaa cha kuendesha bajaji kwa maji. Mkataba wa bajaji yenyewe bado hajaumaliza.

Maji bure ya wapi? Oktoba 2022 Mto Ruvu, unaotuletea maji Dar es Salaam, ulipopungua tuliishi kwa ratiba ya mgao, na mtaa ambao zamu yake ilipita bila maji ulibaki kusubiri boza. Hata bila ukame, wako akina mama wanaoamka saa nane usiku kwa sababu ndiyo saa bomba linapotoa chochote. Maji ya kisima ni ya chumvi, ya kufulia na kudekia. Ya kunywa unanunua. Bwawa la Kidunda la kuhifadhi maji ya Ruvu, lita bilioni 190, lilizungumzwa miaka na miaka kabla ya ujenzi kuanza. Mtu anayesimama katika jiji hili akasema maji ni bure hajawahi kulipia dumu.

Na nishati nayo si ya bure, hapo ndipo ninapowaomba mnisikilize. Kifaa hicho kinadaiwa kutoa gesi ya haidrojeni kwenye maji ili iungue badala ya petroli. Lakini haidrojeni ikiungua na oksijeni, kinachopatikana ni maji. Maana yake maji ni majivu ya moto uliokwisha kuwaka. Ukitaka kuitoa haidrojeni humo tena, ni lazima urudishe nguvu yote iliyotoka, na uongeze nyingine, kwa kuwa sehemu hupotea kama joto. Sasa kitazame kifaa chenyewe: mtungi wa maji, vibamba vya chuma, nyaya mbili zinazotoka kwenye betri. Betri inachajiwa na altaneta, kile kijenereta cha chombo. Altaneta inazungushwa na injini. Injini inakula petroli! Kijana atanunua petroli ile ile, na juu yake atalipa deni la vikoba. Huu ni wizi, na anayeibiwa ni yule anayepeleka hesabu kwa tajiri mwenye chombo kila jioni kabla hajala.

Wala si wizi mpya. Marekani alikuwepo Stanley Meyer, aliyedai gari lake linatembea kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio iliamua kuwa aliwatapeli waliompa fedha, ikamwamuru azirudishe. Hadi leo jina lake linazungushwa mitandaoni kana kwamba hukumu ile haikutolewa.

Haya, magari ya haidrojeni ya kweli yapo, Toyota Mirai ni mfano. Lakini hayo hujazwa gesi yenyewe, tena kwa mgandamizo mkubwa, hayajazwi maji. Na wanaohofia kwamba yatatukaushia mto nao wametia chumvi: kilo moja ya haidrojeni huhitaji lita 9 hivi za maji, na gari hutembea kilomita 100 hivi kwa kilo hiyo. Si mengi, nakubali. Ila lazima yawe maji yaliyosafishwa sana, siyo haya ya kisima chetu, na kuitoa kilo hiyo moja hula uniti 50 hivi za umeme. Uniti hizo hizo ukizichaji kwenye gari la betri, utakwenda zaidi ya mara mbili ya umbali huo. Kwa hiyo hata pale teknolojia ilipo halali, maji hayajawahi kuwa ndiyo mafuta. Kinacholisukuma gari ni umeme.

Petroli inaumiza, najua. Gesi asilia ya Songo Songo inaendesha bajaji hapa hapa mjini, na foleni za vituoni zinachosha, lakini angalau inaungua.

Kijana nimemwambia asitoe hata senti. Kama fundi anashikilia kwamba kifaa kinafanya kazi, basi amwage petroli yote kwenye tangi, ajaze maji mbele ya madereva wa kijiweni, aiendeshe bajaji yeye mwenyewe kutoka Kimara hadi Kibaha bila kuchaji betri popote. Akifika, nitamlipia kifaa mimi.